Kikombe cha chai kinachoruka alfajiri: jibu kwa fundi cherehani wa Tanga

«Shikamoo daktari. Mimi ni binti wa miaka 23, fundi cherehani hapa Tanga. Kifafa kilinianza nikiwa na miaka 15. Natumia kabamazepini asubuhi na jioni, sikosi. Siku hizi naanguka mara moja kila miezi mitatu au minne, karibu kila mara ni alfajiri, nikiwa ndio kwanza nimeamka. Mara ya mwisho ilikuwa siku moja kabla ya Idi. Lakini kinachonitesa zaidi ni usingizi. Napanda kitandani saa 4 usiku, hadi saa 7 sijapata lepe. Nikilala ni mang'amung'amu. Asubuhi mwili mzito kama nimelima usiku kucha, mikono inashtuka yenyewe, hadi kikombe cha chai kimewahi kuniruka mkononi. Mchana nasinzia juu ya cherehani. Mwezi uliopita sindano ilipita kwenye ukucha. Mama analala chumbani kwangu. Amefunga ncha ya kanga kwenye mkono wangu na ncha nyingine kwenye mkono wake, ili nikianza kutetemeka aamke. Kliniki naulizwa nimeanguka mara ngapi, naandikiwa dawa, naondoka. Jirani hunipa Piriton nilale. Je, ni ugonjwa unaoninyima usingizi au ni dawa? Na mama anauliza kama ipo siku atarudi kulala chumbani kwake.»

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimesimama kwenye kikombe.

Umekitaja kama jambo dogo katikati ya mengine, lakini kwangu ndicho kilichobeba barua nzima. Ipo aina ya kifafa inayoanza katika umri wa kubalehe, mara nyingi kati ya miaka 12 na 18, na dalili yake ya kwanza huwa mishtuko ya mikono na mabega asubuhi, hasa katika nusu saa au saa moja ya mwanzo baada ya kuamka. Mtu ana fahamu zake zote. Anaona mkono umeruka, mswaki umedondoka, chai imemwagika mkekani. Hamwambii daktari kwa sababu haoni kama hiyo nayo ni kifafa. Nyumbani wanasema ana papara, au ameamka na njaa. Kuanguka kwenyewe huja baadaye, na kwa kawaida huja saa zile zile za alfajiri. Sisi tunaiita kifafa cha mishtuko cha ujana. Siwezi kukupa jina la ugonjwa kupitia barua, na ningekuwa nakudanganya kama ningejaribu. Lakini umri ulioanza kuugua, saa unazoanguka na hicho kikombe vinaelekea upande mmoja, na daktari wako anastahili kuvisikia vyote vitatu kwa pamoja.

Sababu ya kulisisitiza hili ni dawa yako. Kabamazepini ni dawa nzuri. Nimeiandika kwa mamia ya watu, na wale ambao kifafa chao huanzia sehemu moja ya ubongo wengi wamesimama nayo vizuri. Katika kifafa cha mishtuko cha ujana, hata hivyo, inaweza kuizidisha mishtuko yenyewe, na fenitoini, dawa nyingine ya kifafa, vivyo hivyo. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba unakunywa dawa kwa uaminifu wote, sikosi yako hiyo, na bado asubuhi mikono inaruka kwa sababu dawa na ugonjwa havikuoanishwa. Sasa nisikilize vizuri: usiiache. Usipunguze hata nusu kidonge kwa sababu umesoma maneno yangu. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, ubongo unaweza kuingia katika mfululizo wa degedege usiokatika, na huo ni hatari kuliko mishtuko ya miaka minane. Dawa hubadilishwa polepole, mpya ikiingia huku ya zamani ikitoka, na anayefanya hivyo ni daktari anayekuona kwa macho.

Jambo la pili nililoliona ni Idi. Umesema ulianguka siku moja kabla yake. Mwanangu, ni fundi cherehani gani Tanga anayelala juma lile? Najua hali ilivyo: vitambaa vimerundikana hadi mlangoni, kila mteja anataka gauni lake kabla ya mwezi kuandama, watoto wanakuja kujaribisha kanzu saa 3 usiku, na fundi anakanyaga cherehani mpaka muadhini anaadhini. Chukua kalenda ya mwaka jana, kaa na mama, mkumbuke kila mara ulipoanguka. Angalia usiku uliotangulia, na usiku wa kabla ya huo. Sitashangaa mkikuta sikukuu, harusi ya ndugu, matanga, mkesha. Kwa wenye kifafa cha aina ninayoishuku kwako, usiku mmoja tu wa kukesha unatosha kuleta anguko la asubuhi, hata kama dawa haikukosa.

Hapa ndipo penye neno langu kwako, na ndilo ambalo natamani kila kliniki ya kifafa ingelifanyia kazi: usingizi wako ni sehemu ya matibabu. Unapaswa kupimwa, kuandikwa kwenye kadi na kufuatiliwa kama vile vidonge vinavyohesabiwa. Hauwezi kuachwa uwe malalamiko ya pembeni yanayosubiri hadi foleni iishe.

Nalisema hili nikijua nilivyokuwa. Miaka yangu ya mwanzo nami niliuliza swali moja hilo hilo, umeanguka mara ngapi, nikaandika kadi na kuita anayefuata. Aliyenibadilisha ni mwoka mikate mmoja. Kila akija alikuwa ameanguka, na kila akija nilimwongezea dozi, mpaka akawa anatembea kama mtu aliyelewa na bado anaanguka. Siku moja alisinzia kwenye kiti akiwa anazungumza nami. Nikamuuliza analala saa ngapi. Akasema tanuri huwashwa saa 8 usiku, naye hulala saa 5 kwa sababu nyumba ina watoto. Saa tatu za usingizi, kila siku, kwa miaka minne, na mimi sikuwahi kuuliza. Alipohamishwa tanurini akapewa kuuza dukani mchana, tulipunguza dozi badala ya kuongeza, na maanguko yake yakawa ya kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja kwa mwaka. Dawa ilikuwa ile ile.

Sasa swali lako: ni ugonjwa au ni dawa? Ni vyote viwili, na kuna cha tatu ambacho hukukiuliza lakini umekiandika.

Nianze na ugonjwa. Kwamba kifafa na usingizi vina undugu si habari mpya. Aristotle aliandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kwamba wengi huanza kuugua kifafa wakiwa usingizini, na mwaka 1885 daktari William Gowers wa London aliwapanga wagonjwa wake kwa saa zao: wanaoanguka mchana, wanaoanguka usiku, na wanaoanguka wakati wowote. Tulichokuja kukielewa baadaye ni kwa nini. Usingizi una sehemu zinazopokezana usiku kucha. Katika usingizi mzito, ule wa pono, seli za ubongo hufanya kazi kwa pigo moja kama wapiga makasia wa mashua moja. Umoja huo ndio unaoupa kifafa njia, maana cheche ikianza pembeni hubebwa na pigo lile lile mpaka ubongo mzima. Katika usingizi wa ndoto mambo hugeuka: kila kundi la seli lina shughuli yake, kama soko la Mgandini saa 4 asubuhi, na cheche haipati wa kuibeba. Ndiyo maana kifafa hutokea kwa nadra sana mtu akiwa anaota. Na muda ule wa kuvuka kutoka usingizini kuja macho ni kizingiti kingine, ambacho kwa watu wa aina yako ndicho kinachowakwaza.

Kisha kifafa nacho kinageuka kuula usingizi. Kikimpata mtu, usiku unaofuata ile sehemu ya ndoto inaweza kupungua sana, na kesho yake kumbukumbu inakuwa nzito. Na si kila kifafa cha usiku huonekana. Kingine hupita mtu akiwa amelala, na mama aliyechoka hakuamka. Ukiamka na ulimi umejiuma, mto una damu au ute mwingi, shuka limelowa, au misuli inauma kama siku ya baada ya kulima, hizo ni alama za kuandika. Umeniambia mwili mzito kama umelima. Inaweza kuwa uchovu wa kukosa usingizi tu. Inaweza pia kuwa umetetemeka usiku bila mtu kujua. Jitazame ulimi kwenye kioo kila asubuhi kwa mwezi mmoja, haichukui hata dakika.

Upande wa dawa, karibu zote za kifafa zinagusa usingizi kwa namna yake. Fenobabitoni, inayotumika tangu 1912 na ndiyo iliyowabeba wagonjwa wa kliniki ya kifafa ya Mahenge, mkoani Morogoro, ambayo daktari Mnorwei Louise Jilek-Aall aliianzisha mwaka 1960, inalaza mtu haraka lakini inapunguza ile sehemu ya ndoto, na wengi huamka wakiwa na ukungu kichwani. Kabamazepini yako huleta usingizi wa mchana, hasa mwanzoni au dozi ikipandishwa. Lamotrijini baadhi ya watu huwatoa usingizi kabisa, na kwao ni afadhali dozi kubwa iwe ya asubuhi. Levetirasetamu huleta usingizi kwa mmoja na hasira kwa mwingine. Valproeti hunenepesha, na unene huleta tatizo la pumzi usiku, nitakalolitaja. Kwa hiyo ukimwambia daktari «nasinzia mchana», mwambie pia unameza saa ngapi. Wakati mwingine kusogeza saa za dozi tu kunampa mtu mchana wake, bila kubadilisha dawa.

Piriton ya jirani iache leo. Ni dawa ya mafua na mzio. Inalewesha kidogo na ndiyo maana watu huitumia kulalia, lakini dawa za jamii hiyo za zamani zinaweza kushusha kinga ya ubongo dhidi ya degedege kwa mtu mwenye kifafa. Na kama atakuletea vidonge vya diazepamu, usivipokee hata kimoja. Ukivizoea kwa majuma kadhaa kisha vikaisha ghafla, ubongo uliokuwa umetulizwa huamka kwa kishindo. Jirani anakupenda, sina shaka. Mwambie daktari amekataza, lawama ziwe zangu.

Cha tatu ni hofu. Mtu anayejua kwamba usingizi ndio mlango wa kuanguka, anapangaje usingizi uje? Unajilaza huku unasikiliza mwili wako. Kila mshtuko mdogo wa kawaida, ule ambao kila binadamu huupata akianza kupitiwa, wewe unausoma kama mwanzo wa jambo. Na mkononi una kanga inayokukumbusha. Ukigeuka, kanga inavutika, mama anaamka, anakuita jina, unamjibu, mnaanza upya. Nimejaribu kuhesabu mara ngapi kwa usiku mmoja na nimeumia kwa ajili yenu wote wawili.

Hofu ikikaa sana huzaa sonona, na sonona nayo ina namna yake ya kuiba usingizi: ama mtu halali, ama anaamka saa 9 usiku na hawezi kurudi. Watu wenye kifafa hupata sonona zaidi kuliko wengine, na huko si kukosa imani wala udhaifu wa moyo. Ni sehemu ya ugonjwa, na ina tiba. Tafiti nyingi za wagonjwa ambao kifafa chao hakijadhibitiwa zimeonyesha kwamba huzuni huharibu maisha yao kuliko hata idadi ya maanguko. Kwa hiyo nakuuliza, ujijibu mwenyewe: kushona bado kunakufurahisha? Unalia bila sababu? Umewahi kuona afadhali usiamke? Kama jibu la swali la mwisho ni ndiyo, mwambie mama leo na mwende hospitali, msisubiri tarehe ya kliniki.

Hilo linanipeleka kwenye malalamiko yako kuhusu kliniki, ambayo ni ya haki. Mwaka 1998 ilichapishwa dodoso la kupima ubora wa maisha ya watu wenye kifafa, lenye maswali 31. Yamepangwa katika maeneo 7: hofu ya kuanguka, hali ya maisha kwa jumla, hali ya moyo, nguvu na uchovu, kumbukumbu na umakini, madhara ya dawa, na kazi pamoja na kujumuika na watu. Kuanguka ni eneo moja kati ya saba, na hata hilo linaulizia hofu, haliulizii hesabu. Swali ulilokuwa ukiulizwa linagusa kipande kidogo sana cha maisha yako. Mateso yako yote yako kwenye vile vipande sita ambavyo hakuna aliyevigusa.

Usiulaumu mkono unaokuandikia dawa, foleni ni ndefu na daktari ni mmoja. Msaidie kwa kwenda na karatasi. Nunua daftari dogo la kurasa arobaini. Kila asubuhi kabla ya chai andika saa uliyopanda kitandani, saa unayodhani ulipitiwa, saa uliyoamka, mikono ilishtuka au la, ulimi vipi, dawa umemeza saa ngapi. Weka alama siku za hedhi, kwa sababu kuna wanawake ambao kifafa chao hufuata mwezi wao. Mishtuko ya asubuhi mama airekodi kwa simu, hata sekunde ishirini zinatosha. Video moja ya kikombe kinachoruka itamweleza daktari wa mishipa ya fahamu kuliko barua yako na yangu pamoja. Na kipo kipimo chepesi cha usingizi wa mchana, alichokitoa Dkt. Murray Johns wa Melbourne mwaka 1991: unajipa alama 0 hadi 3 kwa uwezekano wa kusinzia katika hali 8, kama vile ukisoma, ukiwa abiria garini kwa saa nzima, au ukikaa kimya baada ya chakula cha mchana. Jumla ikizidi 10 kuna tatizo. Wewe uliyelala sindano ikipita kwenye ukucha sidhani kama unahitaji kujumlisha, lakini ipeleke namba hiyo kliniki, kwa sababu namba huandikwa kwenye kadi na malalamiko husahaulika.

Ile karatasi ikifika mezani, sema hivi: «Nashtuka mikono asubuhi nikiwa na fahamu. Naanguka alfajiri, zaidi nikikesha. Je, kabamazepini ndiyo inayonifaa?» Sentensi hizo tatu zitafungua mazungumzo. Kipimo cha EEG, kile cha umeme wa ubongo, kikipatikana, huenda ukaombwa usilale vya kutosha usiku wa kuamkia kipimo, maana ubongo uliochoka huonyesha siri zake kwa urahisi. Nenda na mtu, usiende peke yako. Yatatajwa majina ya dawa. Valproeti inauweza sana ugonjwa wa aina hii, lakini kwa binti wa miaka 23 nina neno: mjamzito akiitumia, kama mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro za mwili, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya kukua kiakili. Kwa hiyo uliza kuhusu levetirasetamu kwanza. Na kama una kijiti au unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, jua kwamba kabamazepini huvipunguza nguvu. Sindano ya miezi mitatu haiguswi nayo. Wasichana wengi hawaambiwi hili, wakashtukia tumbo limekua.

Muulize mama pia kama unakoroma, na kama pumzi yako hukatika kisha ukahema kwa kishindo. Pumzi inayoziba usiku huwapata sana watu wenye kifafa, humwacha mtu amechoka mchana hata kama kalala kwa muda wa saa tisa, na ikitibiwa baadhi yao huanguka kidogo kuliko zamani.

Kuhusu kujilaza kwenyewe, nitakupa machache ninayoyaamini. Saa ya kuamka iwe moja kila siku, Jumapili nayo, hata kama usiku ulikuwa mbaya; saa ya kuamka ndiyo inayoivuta saa ya kulala. Usipande kitandani saa 4 kama usingizi huja saa 7. Panda saa 6, lala hicho kidogo kwa ukamilifu, kisha uwahi kupanda kwa robo saa kila baada ya siku chache mpaka ufikie saa 7 au 8 za usingizi. Kwa mwenye kifafa tunafanya hivi kwa uangalifu, usijibane chini ya saa 6 za kitandani. Ukikaa macho muda mrefu, ondoka kitandani, kaa kwenye kiti na mwanga mdogo, urudi macho yakiwa mazito. Kahawa na chai ya rangi mwisho saa 8 mchana. Usingizi wa mchana nusu saa, kabla ya saa 9 alasiri. Simu ilale sebuleni.

Mikesha ni habari nyingine, na hapa najua nakugusa pagumu. Kwetu mtu anayeondoka matangani usiku anaonekana hana utu, na mkesha wa maombi au maulidi si kitu cha kukosa kwa urahisi. Nakuomba ukubali kuwa wewe ni mgonjwa mwenye dozi ya usiku. Nenda mapema, kaa na wafiwa, pika, saidia, kisha saa 4 uage. Mwezi wa Ramadhani ongea na daktari kabla haujaandama. Mgonjwa amepewa ruhusa ya kutofunga, na wanaofunga kwa ushauri wa daktari humeza dozi zao futari na daku. Tatizo kubwa kwao mara nyingi ni usiku uliokatwa vipande viwili, kuliko njaa yenyewe. Na juma la Idi, kata idadi ya nguo unazopokea. Hasara utaipata. Lakini pesa ya magauni sita umewahi kuirudisha hospitali, na anguko lile lilikulaza siku ngapi bila kushona?

Sasa mama. Mwambie namwamkia kwa heshima, na kwamba hofu yake ina msingi. Ni jambo ambalo madaktari wengi hulikwepa, lakini yeye tayari analihisi: kuna kifo cha ghafla kinachowapata watu wenye kifafa, takriban mtu mzima 1 kati ya 1,000 kwa mwaka. Mara nyingi ni usiku, na mara nyingi hukutwa amelala kifudifudi. Walio hatarini zaidi ni wanaoanguka kwa degedege la mwili mzima, hasa mara 3 au zaidi kwa mwaka, na wewe uko hapo. Kuwepo mtu chumbani kunapunguza hatari hiyo, kwa sababu anaweza kumgeuza mgonjwa na kumwamsha pumzi. Kwa hiyo asirudi chumbani kwake bado. Kinachopunguza hatari kuliko vyote ni kuyadhibiti maanguko yenyewe, na kwa aina ya kifafa ninayoifikiria, dawa inayofaa pamoja na usingizi huwatuliza walio wengi. Ukimaliza mwaka mzima bila kuanguka, mtalizungumza upya mbele ya daktari.

Kanga, hata hivyo, ifunguliwe usiku wa leo. Wekeni vitanda viwili chumba kimoja, chako kiwe chini au godoro sakafuni, mbali na kona ya meza, mlango usikomewe kwa ndani, koili ya mbu na kibatari visiwe karibu na chandarua. Degedege la mwili mzima lina sauti na kitanda hutikisika, atasikia. Likija, akugeuze ubavu, kichwa kiinuke kidogo, atazame saa. Asiweke kijiko mdomoni, asikunusishe kitunguu wala njiti ya kiberiti, asikumwagie maji. Povu halimwambukizi mtu. Dakika 5 zikipita hujatulia, au ukitulia kisha likarudi kabla hujapata fahamu, aite gari mara moja. Likikatika, akae nawe mpaka aone kifua kinapanda na kushuka vizuri na unamjibu.

Na siku ya kliniki aje nawe. Akae kiti cha mbele, daftari mapajani, aseme yeye usiku unavyokuwa. Wewe ulikuwa umelala. Aliyeuona ni yeye.